Msimu, Masika na Mgeni wa Siku Moja: Kuusoma Mji Mkongwe wa Zanzibar Siku ya Mvua



1. Utangulizi

Achukuliwe mfano wa abiria mmoja wa meli ya kitalii. Ni mwezi wa Aprili. Alfajiri meli inakaribia bandari ya Malindi, Unguja, naye anasogea dirishani kuutazama mji ambao mpaka siku hiyo ameuona katika picha tu. Katika picha hizo bahari ni ya samawati na kuta ni nyeupe kwa jua. Anachokiona sasa ni mvua. Bahari na mbingu zimekuwa rangi moja, minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu inaonekana na kupotea, na gatini wachukuzi wamejifunika maturubali. Ana muda wa saa nane tu nchi kavu. Jioni meli itang'oa nanga, mvua iwe imekatika au haijakatika. Katika lugha ya biashara ya utalii, abiria huyu amefika "nje ya msimu".

Mhadhara huu unayachunguza maneno hayo matatu. Hoja yake ni kwamba, kwa mujibu wa Kiswahili chenyewe, hakuna siku iliyo nje ya msimu. Masika ni msimu kamili, wenye jina lake, kazi zake, hatari zake na msamiati wake. Mgeni anayeshuka siku ya mvua hakuukosa mji. Ameukuta katika hali ambayo mji wenyewe ulijengwa ukiitarajia. Aidha, inadaiwa hapa kwamba maneno anayopishana nayo mgeni huyo bila kuyajua, kama vile msimu, meli, baraza, sakafu, mwenyeji na mtalii, yamehifadhi historia ambayo haimo katika vitabu vingi vya kuongozea wageni. Maneno hayo, kama nyumba za mji huo, yanaweza kubomoka yasipotunzwa.

2. Msimu kabla ya meli

Neno msimu asili yake ni Kiarabu, mawsim. Mzizi wake unahusu kutia alama. Mawsim ni wakati uliotiwa alama, wakati maalumu wa jambo fulani kama Hija au mavuno. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa wakati wa upepo unaofaa kusafiria, na kwa kupitia Kireno neno hilo hilo likaingia katika lugha za Ulaya likawa jina la pepo hizo zenyewe. Kwa hiyo abiria wa mfano huu, kama anasema Kiingereza au Kifaransa, tayari ana neno la msimu kinywani mwake. Tofauti ni kwamba kwake neno hilo limebaki kuwa istilahi ya hali ya hewa, ilhali katika Kiswahili lilikuwa ratiba ya maisha.

Ratiba hiyo inafahamika. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza kushika mnamo Aprili na kuendelea hadi Septemba, nayo ndiyo iliyoyarudisha. Kati ya pepo hizo mbili, Machi hadi Mei, huja masika, mvua kubwa; na baina ya Oktoba na Desemba huja vuli, mvua ndogo. Baada ya masika huja kipupwe, baridi ya katikati ya mwaka. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi za mvua kwa mwaka, na Aprili ndiyo yenye fungu kubwa kuliko miezi mingine.

Uzito wa pepo hizi katika lugha unadhihirika katika dira. Kaskazini ni kwenye kaskazi, na kusini ni kwenye kusi. Pande mbili za dunia zimepewa majina ya pepo zilizoleta na kuondosha wageni, kwa kuongezewa kiambishi cha mahali -ni. Mwanafunzi wa Dodoma au wa Bujumbura ambaye hajaiona bahari maishani mwake, kila anaposema kaskazini, anataja upepo wa mabaharia.

Katika mpango huo wa kale, Aprili haikuwa mwezi mfu hata kidogo. Ulikuwa mwezi wa kufunga hesabu na kuagana. Nahodha alisubiri kusi ya mwanzo, kwa kuwa aliyechelewa alikutana na kusi kali ya Juni na Julai, bahari ikamzuia mpaka ilipolegea mnamo Agosti. Mvua ilikuwa ishara ya safari. Aliyetazama mawingu ya masika aliona njia ya kurudi kwao.

Jambo lililovunja uhusiano huo nalo limeacha alama katika lugha. Neno meli limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya barua zinazosafirishwa, kwa sababu vyombo vya moshi vilivyofika mara kwa mara vilikuwa vya kuchukua barua. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ikapewa mkataba wa kupeleka barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Barua haingoji upepo. Chombo cha moshi kilikwenda kwa tarehe, na kwa mara ya kwanza mgeni aliweza kufika Unguja mwezi wowote na kuondoka mwezi wowote. Mwaka huo huo wa 1872, mwezi wa Aprili, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kuangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu. Hivyo basi, katika mwaka mmoja mji ulipata chombo kisichotegemea msimu, na ukakumbushwa kwamba msimu haujaondoka.

Meli ya kitalii ya leo ni kitukuu cha meli ile ya barua. Inakwenda kwa tarehe. Hata hivyo, haijajitoa kabisa katika utaratibu wa pepo: meli za aina hiyo hupendelea magharibi ya Bahari ya Hindi katika miezi ya kaskazi, na zinazopita mwishoni mwa Machi na Aprili aghlabu ziko njiani kuelekea bahari nyingine. Bila ya kukusudia, zinaondoka wakati ule ule yalipoondoka majahazi.

3. Kutembea katika mvua

Na afuatwe sasa abiria huyo anaposhuka. Kutoka lango la bandari anaifuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wake wa kulia, na mbele yake kidogo liko jengo la Zahanati Kongwe lenye roshani za mbao zilizonakishiwa, lililojengwa kwa mali ya tajiri Tharia Topan. Hapo pengine anasimama mara ya kwanza kujikinga, na hapo ndipo anapoanza kuuona mji. Siku ya jua roshani ni pambo la kupigwa picha. Siku ya mvua anatambua kwamba ni mwavuli wa njia nzima.

Akiingia ndani, katika vichochoro vya Kiponda na Hurumzi, maji yanamfundisha mengine. Vichochoro vimegeuka mifereji, naye anapotafuta pa kukanyaga anaona kwamba nyumba nyingi zina kibaraza cha mawe kilichojengwa sambamba na ukuta, kimo cha magoti. Hiyo ni baraza. Mvua inapozidi, wapita njia huitumia kama njia ya juu, wakivuka kutoka baraza hadi baraza bila ya kulowa miguu. Siku za kawaida ni mahali pa kuketi, kunywa kahawa chungu, kucheza bao na dumna, kusikiliza habari na kuzichuja. Kutokana na kiti hicho cha mawe Kiswahili kimepata jina la mikutano yake yote mikubwa: baraza la mji, baraza la mawaziri, Baraza la Wawakilishi, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967. Mwanafunzi anayelifahamu neno hilo kwa maana ya chombo cha dola tu hajakosea. Lakini anayelijua kwa maana ya jiwe la kukanyaga wakati wa mafuriko anaelewa zaidi kwa nini watu walilichagua. Baraza ni mahali palipoinuka kidogo juu ya tope, ambapo mwenyeji na mpita njia wanaweza kusimama pamoja.

Akiinua macho, mgeni anaona milizamu ikitema maji kutoka juu ya nyumba. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wao umewekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe hutandazwa chokaa kinachopigwa kwa vigongo kwa siku kadhaa mpaka kishikane. Kitu hicho huitwa sakafu. Neno hili limetoka katika Kiarabu, saqf, ambalo maana yake ni paa au dari. Katika Kiswahili limekuwa jina la kitu kinachokanyagwa. Mabadiliko hayo ya maana hayashangazi kwa mtu aliyeiona nyumba yenyewe: katika jengo la ghorofa lenye paa bapa, paa la aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu, na paa la mwisho ndiyo sakafu ya mwezi na nyota.

Paa hilo bapa lilikuja na wajenzi waliozoea nchi kavu kuliko Unguja. Masika yalilishinda. Kadiri miaka ilivyopita, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliezekwa paa la mabati lenye mteremko juu ya sakafu ya zamani. Mgeni anayelalamika kwamba mabati yameharibu sura ya mji wa kale anapaswa kuusikia mji huo saa sita mchana mvua inapokuwa kali. Mlio ule wa mabati ni jibu la wenyeji kwa tabia ya nchi yao. Msanifu majengo anaweza kuliandika jibu hilo katika michoro. Mwanaisimu analiona katika neno sakafu, lililoshuka kutoka juu likakaa chini.

Mvua yenyewe ina sarufi yake. Rasharasha si manyunyu, na dharuba si mvua ya kawaida. Mvua hupusa inapopungua, na ikiisha kabisa husemwa imeanuka, au kumeanuka. Kitenzi hiki ni cha ukoo mmoja na anika na anua. Mtu huanika nguo au karafuu juani. Mawingu yakitanda, huzianua haraka. Ni jozi ya kauli ya kutendua, sawa na ezeka na ezua, funika na funua. Katika visiwa ambako karafuu iliyolowa ni hasara ya nyumba nzima, si ajabu kwamba kuanua kuna neno lake pekee, na kwamba kukatika kwa mvua kumetajwa kwa mzizi huo huo. Mgeni anayesubiri kibarazani anasikia mzee akisema "kumeanuka", anaona watu wakiinuka, naye anainuka. Amejifunza neno bila ya mwalimu.

4. Mtalii, mgeni na mwenyeji

Kiswahili kina majina mawili ya mtu huyu. Jina la kwanza ni mtalii. Kitenzi talii kimetoka katika Kiarabu chenye maana ya kusoma kwa makini, kuchungua, kupitia jambo hatua kwa hatua. Mtalii, kwa asili ya neno, ni msomaji. Maana ya mtu anayezunguka kwa burudani ni ya baadaye, iliyoenea pamoja na biashara yenyewe. Jina hilo ni heshima kubwa kuliko anavyostahili mtu anayepitishwa mbio kutoka duka hadi duka. Siku ya jua mtalii huona. Siku ya mvua, anapolazimika kusimama mahali pamoja kwa nusu saa mbele ya mlango mmoja ulionakishiwa, ana nafasi ya kutalii kwa maana yake ya awali.

Jina la pili ni mgeni, la Kibantu halisi, linalomwita kwa neno moja yule asiyejulikana na yule anayekirimiwa. Mwenzake ni mwenyeji, yaani mwenye mji. Mahusiano ya wawili hawa yamesemwa na methali mbili ambazo hazikubaliani kikamilifu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" inaona kheri katika ujio. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" inaweka mpaka na kumtaka mgeni ashiriki. Mgeni wa meli yuko nje ya methali hii ya pili: siku ya tatu haimfikii. Hapewi jembe, wala hapati nafasi ya kuwa mtu wa nyumbani. Na ikumbukwe kwamba jembe ni chombo cha masika. Mvua inapoanza ndipo mtu wa shamba anaposhika mpini. Methali hiyo, ukiitazama kwa kalenda, inamwita mgeni kazini wakati ule ule ambao biashara ya utalii inamwambia kwamba hapana cha kufanya.

Je, ufupi wa ziara unamnyima mtu kuona? Historia inajibu kwa mfano. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita pwani hii. Mogadishu alieleza jinsi vijana walivyokwenda kwa mashua kuipokea merikebu, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake; na kuanzia hapo mgeni alifanya biashara zake kwa mkono wa mwenyeji wake. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo, aliandika habari za visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti, kata ya mbao ya kuchotea maji, na watu walioosha miguu na kuifuta kabla ya kuingia, kwa kuwa walitembea bila viatu. Mtu aliyekaa usiku mmoja aliona miguu ya wenyeji wake na akajua kwa nini inaoshwa. Tofauti kati ya mtalii na mpita njia haimo katika hesabu ya siku.

Katika Mji Mkongwe, mahali pengine pa kujikinga mvua ni Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nje yake, ndani ya shimo lililo wazi, zimo sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo. Mgeni aliye chini ya paa huziona zikinyeshewa, na hapo hahitaji maelezo marefu. Ndani amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Steere alifika Unguja mwaka 1864, naye mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili pamoja na mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Yapo mengi ya kuhojiwa katika kazi ya wamisionari, na wanazuoni wameyahoji. Lakini kwa kipimo cha methali, huyu ni mgeni aliyevuka siku ya tatu akapewa jembe, na jembe lake lilikuwa lugha. Waliompa ni wasimulizi, ambao kwa wengi wao majina hayakuandikwa.

5. Panapovuja

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuisifu mvua kana kwamba ni pambo. Husemwa kwamba mvua ikinyesha ndipo panapojulikana panapovuja, na Mji Mkongwe unavuja. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa hufa kwa njia inayojulikana. Bati moja likitoboka au mlizamu ukiziba, maji huingia ukutani, chokaa hulainika, vichwa vya boriti huoza, ukuta hutoa tumbo, na siku moja ghorofa hushuka. Aliyejaribu kuziba kwa saruji mara nyingi huongeza maradhi, kwa sababu saruji hufungia ndani unyevu ambao chokaa kingeuacha utoke. Nyumba nyingi zilibadilisha wenyewe baada ya Mapinduzi ya 1964, zikakaliwa na wapangaji wengi wasio na uwezo wa kuzitengeneza. Mji uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini orodha haiezeki nyumba.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa limeweka makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Katika anguko hilo wasomi wa Kiswahili walipata onyo. Makumbusho ya lugha na utamaduni yanaweza kusifiwa na dunia nzima huku ukuta wake ukitoa tumbo.

Kunavuja pia mifukoni. Masika yanapoingia, hoteli kadhaa za pwani hufunga milango Aprili na Mei, na mtembezaji wageni, dereva, muuza viungo na mchoraji hubaki na siku ndefu. Hata papasi, kijana anayemganda mgeni njiani na ambaye mji umempa jina la kupe, huyo naye huketi barazani. Upande wa pili wa mji, Ng'ambo, ambako abiria wa meli kwa kawaida hafiki, masika huzungumzwa kwa lugha nyingine: mitaa ya mabondeni kama Mwanakwerekwe imejulikana kwa mafuriko. Huko mvua si mandhari. Ni vyombo vinavyoinuliwa juu ya kitanda usiku na watoto wanaobebwa mgongoni kwenda skuli. Adam Shafi, katika riwaya ya Kuli ya mwaka 1979, aliionyesha bandari ya Zanzibar kwa macho ya wachukuzi. Msomaji wa riwaya hiyo hawezi tena kuitazama gati siku ya mvua na kuwaona abiria peke yao.

Na lugha nayo inavuja. Siku hizi mtu wa Shangani akisema "msimu umeanza", mara nyingi anakusudia kwamba watalii wameanza kuja. Katika matangazo na ripoti kuna "msimu wa juu" na "msimu wa chini". Haya ni maneno ya leja: msimu umekuwa kipimo cha vyumba vilivyojaa. Neno lililotaja upepo, likaongoza mabaharia, likaleta na kurudisha watu, sasa linapanda na kushuka kama bei. Lugha zote hubadilika, na haiwezekani wala haifai kuwazuia watu kutaja biashara yao. Hasara inakuja pale maana mpya inapoifunika ya zamani kiasi kwamba kijana wa Malindi anajua mwezi gani una watalii, lakini hajui mwezi gani chombo kidogo hakifai kuvuka kwenda Pemba. Maarifa hayo si ya kale yaliyopitwa na wakati. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Siku hizo hakuna aliyeuliza kama msimu ni wa juu au wa chini.

6. Hitimisho

Mabibi na mabwana, abiria wa mfano huu arudi sasa melini. Ni saa kumi alasiri. Viatu vyake vimelowa, picha alizopiga ni chache na nyingi zina kivuli. Hakuona machweo ya Forodhani, mahali palipoitwa kwa jina la forodha, ambapo mgeni wa zamani alilipa ushuru kabla ya kitu kingine chochote. Kama aliharakishwa kutoka gari hadi duka, ataandika kwamba siku yake ilipotea. Lakini kama alisimama barazani na watu wengine wakingoja mvua ipuse, akasogezewa nafasi, akapewa kikombe cha kahawa, akasikia "kumeanuka" na akaelewa, basi amekuwa mtalii kwa maana ya neno hilo, na kwa nusu saa amekuwa mgeni wa mtu.

Kilichobaki ni cha wenyeji, na hasa wa wasomi wa lugha. Maneno yaliyotajwa hapa ni machache mno. Waashi wa chokaa, mafundi wa milango na boriti, manahodha, wapiga mbizi, wakulima wa mpunga wa masika na waanika karafuu wanayo mamia mengine, na sehemu kubwa ya maneno hayo haimo katika kamusi au imo kwa maelezo ya mstari mmoja yasiyoonyesha kitu kinavyofanya kazi. Mara nyingi watafiti huenda uwandani wakati wa kiangazi, barabara zinapopitika na watu wanapopatikana. Matokeo yake ni kwamba msamiati wa kiangazi umeandikwa vizuri zaidi kuliko wa masika. Lugha ya kuvuja, kuziba, kuanua, kuezeka upya na kungoja husemwa mvua inaponyesha, na asiyekuwepo wakati huo hataisikia.

Pendekezo la mhadhara huu ni dogo na linawezekana. Wanafunzi wa Kiswahili na wapelekwe uwandani masika. Wakae barazani na daftari, wapande darini na fundi, wamuulize kila kitu kinaitwaje na kwa nini, wamwandike fundi huyo jina lake akikubali, ili lisipotee kama yalivyopotea ya wasimulizi wa zamani. Mgeni wa meli ana saa nane tu, na mji unampa kile kinachowezekana katika saa nane. Mwanafunzi wa lugha amekwisha kuvuka siku ya tatu. Jembe lake ni hilo, na mvua imeshaanza.